Mwanafunzi Aliyempenda Mwalimu Stella

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwalimu Mkuu alinionyesha mtoto aliyejikunyata chini ya meza ya bwalo.

"Mwanaidi huyu, wa Ushongo. Homa ya uti wa mgongo ilimnyang'anya macho na masikio akiwa na miaka mitatu. Wewe ndiye mwenye cheti, Mwalimu Rehema. Huyu ni wako."

Wako. Neno hilo nililishika vibaya.

Enyi walimu vijana, mtoto kiziwi asiyeona tulimfundisha kwa alama za mguso, yaani ishara zinazofanywa kiganjani mwake. Miezi minne, kila nilipompa kijiko cha uji, nilimgonga Mwanaidi kiganjani mara mbili: "tena". Aliniuma. Sikuacha.

Darasa la jirani alikuwa Mwalimu Stella, Msambaa wa Lushoto, mwalimu wa kazi za mikono asiye na cheti cha elimu maalumu. Asubuhi moja nilimkuta amempakata Mwanaidi, wanasuka ukili wa mkeka. Miyaa ya kusukia ilipowaishia, mtoto akamgonga Stella kiganjani mara mbili.

Stella alilia kwa furaha. Mimi nilitoka nikasimama nyuma ya jiko, roho inaniuma. Alama ile nilimfundisha mimi!

Nikaenda kwa Mwalimu Mkuu kudai Stella azuiwe.

"Unataka mtoto ajifunze," akaniuliza, "au ajifunze kwako?"

"Kwangu."

Akakubali, Stella akazuiwa. Wiki tatu Mwanaidi alikaa chini ya meza, amekunja ngumi, hataki mkono wa mtu. Nikashindwa hata kula. Nikamfuata Stella.

"Mwenzangu, nimekosa. Mrudie."

Wala hakunisimanga. "Basi nifundishe nukta nundu," akasema, maana yake vile vitone vinavyosomwa kwa vidole. "Kumtuliza naweza. Kumsomesha siwezi."

Tukamlea hivyo miaka saba. Mwanaidi akasoma, akafaulu, akaenda chuo cha ualimu. Na kila likizo alimkumbatia Stella kwanza. Siku ya kuniaga nilipostaafu, katika hotuba ya Mwanaidi jina la Stella lilitangulia langu. Nilitabasamu mbele za watu, moyoni sikutabasamu.

Mwezi uliopita Mwanaidi alikuja kwangu Pongwe na mwongozaji wake. Akaniamkia, kisha akaniandikia kiganjani, herufi moja moja: sasa ana mwanafunzi kiziwi asiyeona, lakini mtoto amempenda mpishi wa shule kuliko yeye.

"Naona wivu, Mama. Hata usingizi sipati."

"Mbona hukwenda kwa Stella?"

Akaandika: "Stella hajui jambo hili. Wewe unalijua. Nilikuwa nalihisi mikononi mwako tangu utotoni."

Nilishikwa na haya, mtu mzima mimi. Kumbe miaka yote alijua.

"Kesho nenda jikoni," nikamwandikia. "Mwombe mpishi mkae na mtoto, wote watatu. Utaumia, lakini nenda."

"Nawe bado unaumia?"

"Naumia," nikajibu, na mkono wake sikuuachia.