Sauti ya Clive Ormerod Ndani ya Santuri Yake

Clive Ormerod wa Bolton alikuwa dereva wa bendi. Miaka minne aliwazungusha vijana wale Uingereza nzima, akilala juu ya ngoma zao na kula viazi vya kukaanga kwenye gazeti, mpaka wakawa watu wa kuzimiwa na wasichana. Yeye akabaki na usukani wake. Alichotaka ni kimoja tu: mkewe, Maureen, amsikie akiimba kwenye santuri, aache kumwita dereva.

Mwaka 1967 kampuni za santuri zingerekodi hata mbuzi, mradi awe amefuga nywele. Clive akaenda kwa moja, akasema Nigel Tarrant, mwimbaji wa bendi ile, atamsaidia. Akapewa siku tatu studio.

Nyimbo zenyewe, ukweli usemwe, zilikuwa za kusikitisha. Mmoja ulihusu kasri ndani ya ukungu. Wa pili ulihusu kasri jingine.

Marafiki wakaja. Nigel alivaa koti la manyoya, mwezi wa saba, wakati wa joto kule Uingereza. Akaimba pamoja na Clive, akicheka.

"Clive, wewe imba tu kama unavyopiga honi, ndugu yangu!"

Siku ya tatu akaingia rafiki mwingine maarufu na zeze la Kihindi, asilojua hata kulikaza nyuzi. Mashine ya kurekodi ilikuwa na njia nne tu za sauti, na zote zimejaa; zeze halikuwa na pa kukaa. Fundi Haddow, mzee wa studio, akakuna kichwa.

"Labda niunganishe sauti yako na ya Nigel, zikae njia moja. Lakini nikishaunganisha, mwanangu, hazitenganishwi tena."

Clive hakuwahi kumwambia mtu maarufu hapana. "Unganisha, mzee. Hawa ni marafiki zangu."

Wiki iliyofuata ikaja barua. Kampuni ya Nigel ilikuwa na mkataba naye: sauti yake isisikike kwenye santuri ya watu wengine. Siku tatu zilishakwisha, hakuna kurudia. Haddow akaishusha sauti ya ile njia ya wawili mpaka chini kabisa, na Clive akashuka nayo. Alipompigia Nigel simu, aliambiwa, "Usijali, kaka. Zeze linasikika safi sana."

Santuri ilipotoka, Maureen aliiweka sebuleni, akamimina chai, akangoja.

"Mpenzi, wewe unaanza lini?"

"Nimeshaanza. Huu ubeti wa pili. Mzee wa studio alinishusha pamoja na Nigel."

Maureen akabandika sikio kwenye spika. "Huyo anayekohoa?"

"Hapo ndipo pa hisia, Maureen."

Akasikiliza pande zote mbili za santuri, zeze likilia kama paka aliyebanwa mlangoni. Kisha akazima. "Haya, niimbie mwenyewe. Hapa hapa."

Clive akasimama mbele ya jiko la makaa, akafumba macho, akaimba kasri lote, kwa sauti yake yote. Maureen alivumilia mpaka mwisho. Akaweka kikombe chini.

"Yule mzee wa studio," akasema, "mpelekee keki. Kakufanyia wema."