Maneno ya Wiki Jikoni kwa Bibi

Fundi rangi alinipigia simu nikiwa kazini Dodoma. "Dada, ukuta wa jikoni mimi siugusi," akasema. Nilipomuuliza kulikoni, akajibu kwamba mle ndani kumeandikwa aya, na yeye hana ubavu wa kupitisha brashi juu ya maneno ya Mungu. Nyumba yenyewe ni ya bibi yangu, ipo Ng'ambo, Tabora mjini. Tangu bibi afariki ilikuwa imefungwa, sasa tunaitengeneza tuipangishe. Mwisho wa wiki nikapanda treni.

Nilimkuta fundi amekaa kizingitini, ndoo ya chokaa pembeni. Ukuta ulikuwa mweusi kwa masizi, na ndani ya masizi mistari kwa mistari ya herufi za Kiarabu zilizochorwa kwa msumari. "Hizi si aya, fundi," nikamwambia. "Hiki ni Kiingereza." Akaniangalia kama mtu anayetafuta namna ya kuaga. Ngoja nikueleze na wewe, maana usipojua nyumba ile ilivyokuwa, utaniona nimerukwa na akili.

Mama alikuwa Dar es Salaam akitafuta maisha, na mimi niliachwa kwa bibi kabla sijaanza shule. Baba simjui, tusipoteze muda kwake. Ahadi ilikuwa moja: nikimaliza darasa la saba, mama atanichukua nikasome sekondari huko, kwenye shule ambayo usaili wake ulikuwa wa Kiingereza kitupu. Nikifaulu, nitaishi na mama. Nikishindwa, nabaki Tabora. Nilikua na ahadi hiyo kichwani asubuhi na jioni.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya chini, kila Jumatatu aliandika ubaoni maneno ya wiki, na Ijumaa alitupima. "Neno mkiliacha shuleni litalala shuleni," alikuwa akisema. "Nendeni nalo nyumbani." Wenzangu walikuwa na kaka na dada wa kuwasikiliza. Mimi nyumbani nilikuwa na bibi, kuku na redio. Watoto wa mtaani walishanibatiza Mzungu kwa sababu nilitembea nikinong'ona maneno yangu, na msichana akishaitwa Mzungu hakuna anayemchagua kwenye mchezo wa rede. Jioni nilikaa kwenye ngazi ya uani nikiwasikiliza wakipiga kelele upande wa pili wa ukuta. Watu husema mtoto huzoea. Mimi sikuzoea.

Bibi alikuwa mshona kofia. Mchana kutwa alikuwa barazani na sindano yake, jioni tunahamia jikoni. Nikifumba macho naisikia harufu ya moshi wa kuni za porini, karanga zikigeuzwa kwenye chungu, na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, tukivitafuna na chai ya asali. Kwa mbali treni ya Kigoma inapiga honi. Utotoni bibi alisoma chuo cha Kurani, kwa hiyo herufi za Kiarabu alizijua sawasawa, hata barua za Kiswahili kwa mama aliziandika kwa herufi hizo. Hizi zetu za shuleni hakuijua hata moja.

Siku moja alinisikia nikihangaika. "Hebu litamke taratibu," akasema. Nikatamka: bucket. Akachukua msumari akaandika ukutani, kutoka kulia kwenda kushoto, vilevile alivyolisikia. Kisha akataka maana yake. Nikamwonyesha ndoo. "Makelele yote hayo ni ndoo tu?" akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Basi tukawa tumepata kazi yetu. Niliyaleta maneno ya wiki nzima naye akayaandika, na kila Alhamisi, akishaswali magharibi, alinitahini. Yeye anasoma ukutani, mimi natoa maana. Alikuwa mkali, chai haimiminwi mpaka nimalize. Na siku zilizofuata aliyatumia bila aibu. "Mke mwenza, lete bucket," aliniita hivyo kwa utani wa bibi na mjukuu, sauti ikifika mpaka kwa jirani yetu aliyekuwa akiuza mkaa. Jirani alikuwa akijibu kutoka uani kwake, "Nyumba hiyo imeshahamia Ulaya." Saa ile moja ya Alhamisi sikuwa mpweke kabisa.

Kadiri maneno yalivyozidi, ndivyo kwenda kwa mama kulivyosogea, na mimi nikaanza kuona jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyelitaja. Mwaka wa mwisho, usaili ukiwa umekaribia, Alhamisi moja nilikosa kila neno.

"Asubuhi umeyasema yote ukiosha vyombo," bibi akasema. "Sasa hivi yamekwenda wapi?"

Nikainama. "Bibi, mimi nikienda, wewe utabaki na nani?"

Akakoroga mboga ambayo ilikuwa imeshaiva. "Kabla hujazaliwa nilikuwepo," akasema. "Haya. Journey, nini hiyo?"

"Safari," nikasema, nikaanza kulia. Hakunibembeleza. Alinisogezea sahani ya karanga, akageukia ukuta akasoma neno lililofuata, na mimi nikajibu.

Nilifaulu. Mama akaja kunichukua. Bibi hakufika stesheni, alisema ana kofia za watu za kumalizia. Dar nilimpata mama na ninashukuru, lakini alitoka alfajiri akarudi amechoka, na upweke wangu nilikuwa nimeupakia kwenye begi pamoja na nguo. Nikimpigia bibi simu aliniuliza maneno ya wiki. Nikamtajia ya fizikia na kemia. "Mbona hayashikiki hayo?" akauliza siku moja, akacheka kidogo. Baadaye tukabaki na shikamoo, marahaba, na habari za mvua.

Leo kazi yangu yote ni ya Kiingereza, na wapo wanaonisifu. Lakini siku inaisha, ninafungua mlango wangu, na hakuna mtu ndani anayengoja nimletee neno. Fundi nilimwambia apake. Mpangaji hawezi kupikia ndani ya utoto wangu.

Kabla ya kuondoka nilipita kumsalimia yule jirani, ambaye sasa ni bibi kizee. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Tukaongea habari za nyumba, kisha akaniambia jambo ambalo bibi hakunitajia hata mara moja kwenye simu.

"Ulipoondoka wewe, aliendelea. Kila Alhamisi, akishaswali magharibi, namsikia jikoni anasoma vile vimaneno vyenu. Anasoma kimoja, ananyamaza. Anasoma kingine, ananyamaza. Namwita, 'Njoo basi tuzungumze huku barazani.' Ananijibu, 'Subiri kwanza, namsikiliza mtoto.' Nikaenda kuchungulia. Ndani hamna mtu, ni yeye tu na ukuta."