Siku Babu Yako Aliponipunguza Kazini

Ipo siku moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo bado naikumbuka kana kwamba vumbi lake halijanitoka puani. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala, nami ni kijana mwenye mabega mapana na maneno mengi. Nilikuwa kibarua katika kambi ya barabara ya serikali, nje kidogo ya Ibadakuli. Nyapara wetu alikuwa Mzee Luhende, baba yake mama yako. Wakati huo hakuwa bado babu wa mtu. Alikuwa baba wa binti aitwaye Kabula, na mimi nilikuwa nimekwisha kupeleka posa nyumbani kwake, ikabaki kutafuta ng'ombe wa mahari. Kazi ile ya barabara ndiyo niliyoitegemea kuwapata.

Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia kwamba halmashauri yenu imeagizwa kupunguza wafanyakazi, na kwamba katika idara yako wewe ndiye uliyeambiwa upendekeze nani abaki na nani aende. Pole sana. Hiyo ni kazi inayomnyima mtu usingizi, na ikimpa usingizi mzuri ujue ameifanya vibaya.

Basi nikurudishe kambini kwanza, maana nikianza na ubaya wa siku ile utadhani maisha yetu yote yalikuwa ya kununa. Hapana. Tulikuwa na raha zetu. Asubuhi tulisalimiana mwangaluka, mwangaluka, mstari mzima, hata aliyegombana na mwenzake jana. Tulichimba mitaro ya kando ya barabara kwa nyimbo, kama tulivyolima nyumbani, na aliyeimba vibaya alizomewa kuliko aliyechimba vibaya. Mchana ulikuwa ugali wa uwele, nsansa zile za majani ya kunde yaliyokaushwa, na siku ya bahati maziwa ya mgando. Harufu ya nsansa ikinipata hata leo, naisikia sauti ya sururu.

Tabu yangu ilikuwa moja tu. Kwa mila zetu, mchumba hali chakula mbele ya baba mkwe. Kwa hiyo kila ugali ulipoiva nilichukua sahani yangu nikaenda kukaa nyuma ya banda la zana, peke yangu kama mtu mwenye ndui, huku nikiwasikia wenzangu wanavyonicheka. Aliyenicheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Mzee Kondo.

Mzee Kondo alikuwa Mzaramo. Alikuja bara na kazi ya reli, akashuka Shinyanga kijana, akazeekea kwetu. Hakuwa na shamba wala mke wala ng'ombe. Alikuwa na kibanda chake kambini, mkeka wa kuswalia, na kazi ya barabara. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, lakini hapakuwa na mtu aliyeyajua makalvati ya kupitishia maji chini ya barabara kuliko yeye, kwa kuwa mengi aliyaweka mwenyewe. Nawe unajua Mzaramo na Msukuma ni watani. Alituita wala michembe, yaani viazi vikavu, sisi tukamwita mla nazi asiye na mnazi. Alichukua kofia ya nyapara akaivaa, na nyapara hakuweza kukasirika. Mtani husema lolote, hata msibani, na anayemkasirikia ndiye anayeonekana hana adabu.

Ndipo likaja agizo. Bwana Barabara, yule Mzungu aliyetusimamia kutoka mjini, alifika na gari lake akasema serikali imepunguza fungu la barabara na nusu ya vibarua waende. Hakutaka kuchagua yeye. Alimwambia Mzee Luhende achague, kisha amwambie. Akapanda gari akaondoka.

Mwanangu, kambi ile ilibadilika siku ile ile. Nyimbo ziliisha. Watu walianza kumwamkia Mzee Luhende shikamoo ndefu zisizo na sababu. Wengine walininong'oneza mimi, eti nimsemee fulani kwa mkwe wangu, na wote walikuwa na hakika kwamba mimi nabaki. Nami nilikuwa na hakika hiyo hiyo. Sikuiomba, lakini nilijiona nimelala kitanda kizuri.

Mzee Luhende alijua wanavyosema. Aliogopa kuitwa mwenye upendeleo kuliko alivyoogopa simba, kwa hiyo akatafuta njia ambayo hakuna mtu angeweza kuilaumu. Akatoa kamba ya serikali, ile ya kupimia mitaro, akasema kila mtu atapimiwa kamba moja, kina kimoja, na atachimba mbele ya macho ya wote. Watakaomaliza mwanzo wabaki, watakaomaliza mwisho waende. Tulishangilia. Tuliona hapo hakuna ndugu wala mkwe, ni mikono ya mtu tu.

Kila mmoja akasimama mahali pake pa kila siku. Sisi vijana tulizoea kukaa upande wa kambini, kwenye luseni, udongo wa kichanga. Wazee walizoea upande wa mbele, walikokuwa wakitengeneza makalvati, na huko ni ibambasi, ardhi ile nyeupe ngumu ambayo hata mvua huipita juu juu ikaenda zake. Hakuna aliyepanga hivyo kwa ubaya. Ndivyo tulivyokuwa tukisimama siku zote.

Sasa nikuambie kitu ambacho mpaka leo kinanichekesha na kunitia haya kwa niaba yetu sote. Sisi ni Wasukuma. Mtoto wa kwetu anayejua kushika jembe anajua luseni, anajua ibambasi, anajua mbuga nyeusi. Vijana wa kijiji wanapoitwa kulima shamba la mtu, kiongozi wao huwapa kipande kidogo wale wanaoangukia ardhi ngumu, na hakuna anayenung'unika, kwa kuwa wote wanaona. Nyumbani asingetokea mtu akafanya tulichofanya siku ile. Lakini pale ilikuwa kazi ya serikali na kamba ya serikali, basi tukaona ujuzi wetu wa nyumbani hauhusiki. Nyapara mwenyewe, aliyekuwa kiongozi wa vijana wa kulima enzi zake, hakuliona.

Nilimaliza jua halijawa kali. Nikaegemea sururu yangu nikaanza kuimba kwa majivuno, nikijua mbali kidogo yupo Kabula, aliyeleta maji, ananisikia. Upande wa wazee vumbi jeupe lilikuwa linapanda tu. Mchana ukapita, na Mzee Kondo alikuwa hajafika hata nusu ya kamba yake.

Mzee Luhende alikwenda akasimama mbele yake, tukamfuata wote. Nadhani alitaka kumwambia pole. Kabla hajafungua kinywa, Mzee Kondo aliweka sururu chini, akajilaza chali ndani ya ule mtaro wake mfupi, akafunga macho, akakunja mikono kifuani.

"Watani zangu," akasema, "leo mmenichimbisha kaburi langu mwenyewe. Tena mmeniibia, limekuwa fupi. Leteni sanda."

Tulicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nyapara naye alicheka, maana utani ndivyo unavyotaka. Mzee Kondo akafungua jicho moja akamtazama.

"Mkwe wako kachimba unga, mimi nimechimba jiwe, na kamba yenu moja. Huko kwenu mnalima hivyo, Luhende?"

Kicheko kilikatika. Mtu mwingine angesema maneno hayo mbele ya watu, pangekuwa na ugomvi, na pengine angefukuzwa pale pale kwa kumtukana nyapara. Lakini hayo yalitoka kwa mtani, na aliyelala kaburini.  Mzee Luhende aliokota sururu ya Mzee Kondo akapiga ile ardhi mbele ya kichwa chake. Sururu iliruka. Akapiga tena, ikaruka tena na kumwachia ganzi mikononi. Kisha akatembea mstari mzima mpaka kwenye mtaro wangu, akapiga mara moja tu, sururu ikazama. Akainama, akachota kiganja cha udongo ule, ukamponyoka vidoleni.

Aliporudi alimpa Mzee Kondo mkono akamwinua. Akatuambia kazi ya leo ni bure, kwamba amekosea, na kwamba hakuna mtu atakayetajwa kwa kipimo hicho. Vijana wenzangu walinung'unika sana. Nami nilinung'unika, kimoyomoyo, kwa kuwa mkwe hanung'unikiwi kwa sauti.

Kesho yake asubuhi Bwana Barabara alikuja kutaka majina. Mzee Luhende alimweleza mbele yetu kilichotokea, akamwambia anataka kipimo kingine: waliokuja mwisho watangulie kutoka. Yule Mzungu hakupenda. Alininyooshea mimi kidole, akasema vijana kama huyu ndio wanaofaa, wazee wana miguu mibovu. Mzee Luhende akamjibu kwamba miguu hiyo imeharibikia kwenye barabara hii hii, na kwamba kama serikali ilitaka wenye nguvu peke yao ingewaambia hivyo siku ile walipoanza. Bwana Barabara alivuta kiko chake, mwisho akasema fanya unavyojua, bora yaishe leo.

Hapo babu yako akatugeukia. Hakutaja mtu. Alitaja kipimo kwanza, polepole, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma ili asipotee mtu, kisha akauliza kama yupo mwenye neno aliseme sasa, kabla majina hayajajulikana. Mmoja akauliza kuhusu aliyeugua akaenda kwao akarudi. Wakajadiliana, wakakubaliana ahesabiwe tangu alipoanza. Ndipo akaanza kuwaita wazee, kila mmoja aseme alikuja lini. Huyu alikuja mwaka nzige walipomaliza mtama. Yule alikuja mto ulipobeba daraja. Wenzao waliitikia, ndiyo, tulikuwa naye, au walimsahihisha. Hapakuwa na mahali pa kuongopea, maana sote tulikuwa tunasikia.

Nilianza kuelewa naelekea wapi kabla hajanifikia. Nilikuja baada ya mavuno ya mwisho. Nyuma yangu palikuwa na watu wachache mno.

Mzee Luhende hakuwa amewahi kunitazama usoni tangu nipeleke posa, mila haikumruhusu. Siku ile alinitazama.

"Masanja," akasema, "nakutoa kazini. Najua unaitafutia nini kazi hii, na najua nani nyumbani kwangu atalia. Ungekuwa mkwe wa mwingine ningekutoa, kwa hiyo nakutoa."

Iliniuma, mwanangu, nisikudanganye. Niliondoka pale bila kuaga, nikakaa nyuma ya lile banda langu la zana nikalia kama mtoto. Mzee Kondo ndiye aliyenifuata. Nilitegemea atanitania, hakunitania. Alinigawia tumbaku yake, akakaa kando yangu. Aliponiona nimetulia akaniambia kwamba katika maisha yake ameondolewa kazini mara nyingi, na kwamba siku ile ndiyo ya kwanza kumwona anayeondolewa akiambiwa sababu machoni.

Nilikwenda Geita, kwenye migodi ya dhahabu, nikafanya kazi ya chini ya ardhi niliyoichukia. Nikiwa huko, kila kibarua wa Shinyanga niliyekutana naye alinisimulia habari ya nyapara aliyemtoa mkwe wake. Wale waliotolewa pamoja nami hawakumwekea kinyongo. Walipompitia njiani walimwamkia, akawauliza hali za nyumbani, nao wakamjibu vizuri. Hasira yangu ilikwisha yenyewe, siwezi kukuambia siku gani. Niliporudi na ng'ombe wangu, Kabula alikuwa bado ananisubiri, na huyo ndiye mama yako. Ninapomkumbuka siku hizi, Mungu amrehemu, namkumbuka akiniambia kwamba siku ile alilia, lakini hakumwonea haya baba yake.

Sasa nasaha yangu. Kaa na wenzako mtaje kipimo kabla ya kumtaja mtu, na mkitaje mahali wote wanaposikia. Kipimo kikishatajwa, shuka ukakijaribu kwa mkono wako mwenyewe, uone kama kinampata kila mtu sawa. Karani anayeonekana mzito wa kazi, tazama kwanza amepewa meza gani na kazi za nani. Akitokea wa kukukosoa, hata kwa mzaha, hata mbele ya watu, msikilize mpaka mwisho, na ukikosea sema umekosea. Na anayeondoka umwambie mwenyewe, usimtumie karatasi. Ataumia, hilo huwezi kulizuia, lakini ataumia akiwa na heshima yake.

Jambo la mwisho. Jana mdogo wako alikuja hapa na mkewe. Alikaa muda mrefu, akanikumbusha kwamba yeye ndiye aliyeajiriwa mwisho katika idara yako, na kwamba ana watoto wadogo, akaniomba nikusemee. Nampenda mdogo wako kama ninavyokupenda wewe. Nilimsikiliza, nikampa chakula, nikamwambia sitakusemea. Ukimfikia, mtazame usoni umwambie. Halafu mlete hapa kwangu, kipande cha shamba kipo, na mimi najua jinsi ya kukaa na mtu wa namna hiyo.

Mungu akupe mkono usioteleza, mwanangu, na macho ya kuwaona watu wote. Wale utakaowaondoa wakukute njiani wakusalimie, nawe upate ujasiri wa kuwaitikia. Wabheja, mwanangu, kwa kunisikiliza. Nenda kazini kwa amani.