Siku Fundi Alipoulizwa Kwao

Mwezi uliopita nilishuka Nyamasaria, mtaa niliokulia, nikakuta mahali ilipokuwa ploti yetu pamejengwa kituo cha mafuta. Nilisimama karibu na pampu ya pili, nikakadiria hatua, nikajiambia: hapa ndipo fundi alipoweka cherehani yake. Wewe uliyekulia ploti ya kupanga unaijua hali ile. Vyumba vinatazamana, bomba ni moja, kamba ya nguo inagombewa, na harufu ya sufuria ya jirani unaijua kama ya kwenu.

Fundi alikuwa mwanamke aliyepanga chumba mkabala na chetu. Alishona sare za karibu watoto wote wa mtaa, na shule zilipokaribia kufunguliwa cherehani ililia tangu kabla ya chai. Wazazi wake walikuwa Wakikuyu, lakini yeye alizaliwa Kondele, mtaa mwingine wa mji uleule, na Kijaluo chake kilikuwa safi kuliko changu, kilichochanganyika na Kiswahili cha shule.

Kilichomshinda ni omena tu, wale dagaa wa ziwani. Jumamosi yeye na bibi yangu walikaa kizingitini na ungo mmoja wakichambua, na fundi alikuwa akinyofoa vichwa, kimoja kimoja. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wee nyathina, sasa umebakisha nini, mkia?" Alimwita hivyo siku zote, yaani mwanangu.

"Dani, wananitazama!" Dani ni bibi kwa Kijaluo, na fundi alimwita hivyo kama nilivyomwita mimi.

"Waache wakutazame. Wamekufa!"

Kisha ukaja uchaguzi, matokeo yakagombaniwa, na moshi ukaanza kupanda upande wa Kondele. Asubuhi moja vijana wenye rungu walifika langoni wakiwasaka Wakikuyu. Fundi alikuwa chini ya kitanda chetu. Mimi nililazwa juu ya kitanda hicho, nikaambiwa nijifanye mgonjwa.

"Dani, yule mwanamke bado yuko?" mmoja aliuliza. Nilimwona kupitia pazia. Alivaa shati ambalo fundi alikuwa amemgeuzia kola ilipochakaa.

"Alishaondoka," bibi alisema.

"Sawa, dani. Tutarudi kuangalia." Alisema kwa adabu kabisa, na adabu ile ndiyo iliyonitia baridi.

Walipopotea, bibi alimfunga fundi kitambaa chake cha kichwa, akamtwika karai la nguo, tukatoka. Njia nzima walizungumza Kijaluo kwa sauti kubwa juu ya arusi ambayo haikuwepo. Bibi alimkemea kwa kuchelewesha mapishi, naye akajitetea. Nia ya bibi ilikuwa ndogo tu: akae kwenye uwanja wa kituo cha polisi siku chache, mambo yatulie, arudi kwenye cherehani yake.

Uwanja ulikuwa umejaa watu, magodoro na kuku waliofungwa miguu. Lori la kuwapeleka watu makwao lilikuwa tayari. Askari mwenye daftari alituita.

"Mama, kwenu wapi?"

"Kondele."

"Huko ni unakokaa. Nauliza kwenu."

"Nimezaliwa Kondele, afande. Kwa mkunga, nyuma ya soko."

"Mama, usinichoshe. Baba yako alitoka wapi?"

Fundi alimgeukia bibi. Bibi akasogea mbele. "Andika kwao ni kwangu."

Askari hakucheka. Alikuwa amechoka, macho mekundu. "Dani, wakija usiku wa leo, utawazuia?"

Bibi alilishusha karai kutoka kichwani kwa fundi, akamwachia kitambaa. Askari akaandika jina la mji wa milimani ambao fundi alikuwa ameufikia mara moja tu, kwenye mazishi.

Baada ya miezi kadhaa alipiga simu.

"Dani, huku wananiita Mjaluo. Kikikuyu changu kinawachekesha. Jana mwenye nyumba ameniuliza nitarudi kwetu lini."

Bibi alianza kumpa habari za ploti: bomba limekauka tena, mwalimu wa chumba cha mwisho amejifungua, mvua imeng'oa bati. Alimsimulia kama mtu aliyetoka kidogo tu, mpaka salio likaisha.

Hakurudi. Bibi alipofariki hatukuwa tena na namba yake, na matanga yakapita bila yeye kujua. Wale vijana sasa ni baba za watu. Tukikutana tunasalimiana vizuri, na hakuna anayemtaja.

Ploti kubomolewa si ajabu, miji hukua. Kilichonitoka ni imani niliyokuwa nayo nikiwa mtoto, kwamba mtu akizaliwa mahali na kupazoea, pamekuwa pake, wala hahitaji shahidi. Hadi leo, nikiulizwa kwetu ni wapi, humtazama kwanza usoni anayeuliza.