Kisigino cha Mzee Shomari

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, enzi hizo mie ni kijana nafundisha darasa la baiskeli za ndani katika jimu moja ya Temeke. Zile baiskeli unazijua: hazitoki zilipo, unakanyaga mpaka jasho linafika sakafuni na bado unautazama ukuta uleule. Siku ile walikuja wachache. Mzee Shomari alikuwepo, maana yeye hakosi.

Mzee Shomari alikuwa fundi cherehani wa Keko. Maisha yake yote alishona foronya za makochi ya maseremala wa pale barabarani, miguu yote miwili juu ya ubao wa cherehani, kisigino chini, vidole chini, kisigino chini, vidole chini. Alipoacha kazi, daktari akamwambia autumikishe moyo, akaja kwetu na kofia yake ya kushona kwa mkono. Mazoea yana taabu. Alipanda baiskeli, akaanza kushona.

Nieleze vizuri. Pedeli inataka duara. Unasukuma kwa sehemu ya mbele ya wayo, kisigino kimetulia, na mguu ukifika chini unauvuta nyuma kama mtu anayefuta tope la kiatu kizingitini kabla ya kuingia nyumbani kwa watu. Kisha unauacha upande juu, mwepesi, usiwe mzigo kwa mwenzake. Mzee Shomari yeye alipigapiga kisigino tu, juu na chini, na haupiti muda misuli inamkaza kama kamba, anashuka akichechemea.

Kila mtu aliona. Mama Neema, muuza vitenge, hakuacha kumtania.

"Fundi, gauni langu la Pasaka limefika wapi?"

"Limebaki shingo," mzee anajibu bila kugeuka. "Na shingo yenyewe siioni, naona kidevu tu."

Darasa linacheka, mie nacheka nao, kisha napita. Mama Neema nilimwinulia siti, nikamwambia goti asilipeleke nje. Vijana niliwasema mpaka wakanuna. Kwa Mzee Shomari nilisema, "Shikamoo, baba," akaitikia, "Marahaba," nikasonga mbele. Nimelelewa na bibi, na kwetu mtoto hamwambii mzee kwamba anakosea, sembuse kumshika mguu mbele za watu. Hiyo ndiyo niliyoiita heshima.

Asubuhi ile ya mvua wenzake walipoondoka, yeye alibaki juu ya baiskeli.

"Nimekuja kuaga, mwalimu. Kesho siji."

"Miguu, baba?"

"Miguu inauma, ndiyo. Hata cherehani iliniuma na sikuiacha." Akavua kofia, akaikunjakunja. "Humu kila mtu ana kosa lake, unamwendea, unamwambia. Mie unaniamkia. Nyumbani, tangu mama watoto afariki, hakuna wa kuniambia vifungo vya shati nimevipishanisha. Nikasema nitoke, niende penye watu. Nimefika, na huku nako naachwa."

Nilichuchumaa kwenye ile sakafu ya jasho, nikaweka kiganja chini ya kisigino chake.

"Baba, hapa unakosea," nikasema. "Hiki kisicheze. Ule ubao ulibeba miguu yote miwili. Hapa kila mguu una zamu yake. Zungusha taratibu."

Akazungusha. Kisigino kikanipiga kiganjani, kikanipiga tena, tukaanza upya. Mvua inapiga bati.

"Unashona, baba."

"Najua. Hiyo mvua inalia kama cherehani, inanirudisha."

Tukaendelea, hatukuwa na haraka, mpaka kikatulia.

"Kumbe ni hivi," akasema.

"Ni hivi. Ila bega umelipandisha."

"Haya, nikosoe na bega." Na kesho yake nilimkuta mlangoni, kafika kabla yangu.

Siku hizi mwenye mvi ni mie. Watoto wangu wako mbali, nyumba ya Kiwalani ina redio na mimi. Asubuhi naenda darasani, nakaa baiskeli ya ukutani. Goti langu la kushoto linatoka nje, nalijua. Mwalimu wetu ni kijana mwenye adabu. Ananiamkia, anatabasamu, anapita, nami nautazama mgongo wake ukienda kwa wengine. Ningeweza kumwita. Lakini kuna vitu ukishaviomba, utamu wake unapungua.

Basi mwanangu, wewe unayeanza kufundisha, sikia. Mwamkie mzee, tena kwa sauti, kisha usiondoke. Mwinulie siti kama unavyowainulia wenzake. Mwambie kisigino kitulie, goti litazame mbele, duara likamilike. Omba ruhusa kabla ya kumgusa, na ukosoe kwa upole, lakini ukosoe, maana kinyozi hajinyoi. Asiyeambiwa kosa lake huanza kudhani hakuna anayemwona. Na kama si darasani, basi jirani yako, au baba yako mwenyewe, mwenye shati lililofungwa kombo.

Mungu akupe magoti yasiyochoka na mikono yenye subira. Na siku mvi zitakapokufikia, akuletee kijana asiye na haraka, achuchumae kando yako, akwambie, "Baba, hapa unakosea."