Neno Lililobaki kwa Muganyizi

Kiharusi kilimpata Muganyizi akiwa juu ya ngazi, anapaka rangi dari ya sebule yao kule Buhongwa. Mguu ulirudi taratibu kwa mazoezi, mkono nao ukaanza kushika kijiko, lakini ulimi ulikataa katakata. Mkewe, Evelina, alimshukuru Mungu kwa mguu na mkono, kisha akabaki anadai ulimi. Alikuwa amezoea kuitwa mchana kutwa. "Mama, chai." "Mama, umeiona miwani?" Zamani wito ule ulimchosha mpaka akawa anajifanya hasikii. Sasa nyumba ilikuwa kimya, na angetoa chochote aitwe mara moja tu.

"Hata neno moja, Bwana," aliomba kila alfajiri. Watu wa usharika wao walipokuja kumwona mgonjwa, nao aliwaombesha hilohilo.

Asubuhi moja alipokuwa anamfunga vifungo vya shati, Muganyizi alikunja uso, akahangaika na midomo, neno likatoka.

"Mawe."

Evelina alipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Mbele yao mgonjwa hakufungua mdomo tena. Walipoondoka ndipo Evelina alipojiuliza, mawe gani? Mwanza hii mtu akitaka mawe si achungulie tu dirishani? Halafu akakumbuka. Kabla ya ugonjwa, kila Jumapili baada ya ibada walikwenda kukaa juu ya mawe ya ufukweni, mume akitazama ndege kwa darubini, mke akifuma vitambaa vya meza. Ndege hawakumhusu Evelina. Alipenda tu kukaa pale karibu naye. Baba wa watu ameyakumbuka mawe yake, alijisemea, na moyo ukamchoma kwamba yamekumbukwa mawe, si yeye.

Basi akawa anampeleka. Bajaji, fimbo, mto wa kukalia, darubini. Yeye asiyejua kunguru na kanga alijifunza kumtafutia ndege.

"Tazama mnandi yule, baba, ameanika mabawa."

Muganyizi alitazama, kisha akamgeukia. "Mawe."

"Ndiyo, haya hapa," Evelina alijibu, akiyapigapiga kwa kiganja.

Mume alitikisa kichwa, machozi yakamlengalenga. Nyumbani Evelina alimwekea jiwe dogo kando ya mto wa kulalia. Muganyizi akalisukuma, likaanguka sakafuni. Evelina alikwenda kulia jikoni kwa hasira. Alitaka ahamishiwe kilima kizima?

Wifi yake, Bernadetta, dada mkubwa wa Muganyizi, alikuwa naye anaugua miguu. Alipopata nafuu alikuja kutoka Muleba na mkungu wa ndizi. Walikuwa jikoni wanamenya wakati sauti ilipotoka uani.

"Mawe!"

"Unamsikia, wifi?" Evelina aliguna. "Anataka ziwani tena. Tangu apate neno lake ni mawe, mawe."

Bernadetta aliacha kumenya. "Kwani nyie humu ndani hamwongei Kihaya?"

"Kiswahili tu. Na mimi Kisukuma changu niliacha mlangoni. Tulikubaliana, asije mmoja akamsengenya mwenzake."

"Basi Kiswahili kimemtoka, kimebaki cha utotoni. Hataki mawe huyo. Kwetu mawe ni mama."

"Lakini mama yenu si alishafariki?"

"Alifariki, ndiyo. Sasa humu ndani mama ni nani?"

Evelina alibaki ameshika ndizi. Aliikumbuka asubuhi ya vifungo, akakumbuka ziwani, akalikumbuka na lile jiwe, akaona haya na furaha kwa pamoja. Sala yake ilijibiwa siku nyingi, na yeye akawa anaikodia bajaji.

"Mawe!" ilisikika tena, safari hii kwa kuchoka kidogo.

"Abee!" Evelina aliitika kwa sauti yake yote, akakimbilia uani na utomvu wa ndizi mikononi.