Kiatu cha Kipaimara Kilichomezwa na Mteremko

Enzi zetu udongo ulikuwa na nguvu. Nasema hivi nikiwa mtu niliyeusomea. Diploma yangu ya udongo na kilimo cha maua niliipata Uholanzi, kwa jasho langu mwenyewe, baada ya kuanza kama mbeba ndoo kwenye shamba la maua Usa River. Sasa imetundikwa sebuleni kwangu kwenye fremu ya rangi ya dhahabu, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuiona. Kwa hiyo nikisema udongo wa siku hizi umelegea, msidhani ni maneno ya mzee aliyechoka.

Sisi tulizaliwa juu kule, upande wa magharibi wa Mlima Meru, ambako asubuhi tulikimbilia kinyesi cha ng'ombe kilichodondoka sasa hivi na kusimama ndani yake ili nyayo zipate moto. Vijana mliozaliwa mjini Levolosi mtakunja pua, lakini mlikosa raha. Mteremko wetu wa malisho ulikuwa wa udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi ulipasuka nyufa za kumpoteza mwana-kondoo. Masika ulivimba, ukafumba kila ufa, ukanata kama ugali mbichi, na ulimeza vitu. Ulimeza sufuria, majembe, kengele za ng'ombe, na mara moja redio ya mwinjilisti wetu, ambayo iliendelea kutoa taarifa ya habari huko chini kwa siku mbili mpaka betri zilipokwisha. Wazee walikuwa wanakwenda kuinama pale saa mbili kamili kusikiliza.

Kwa udongo huohuo tulifinyanga ng'ombe wa kuchezea. Mimi nilikuwa hodari, lakini ukweli lazima usemwe: bingwa alikuwa Lomayani, rafiki yangu wa boma la jirani. Fahali wake walikuwa na nundu ambayo ungeapa imetikisika. Mzee mmoja mwenye macho hafifu aliwahi kumsimamisha baba yake Lomayani njiani, akataka kujua fahali yule aliyesimama juu ya ukuta wa zizi amelishwa nini.

Baba huyo wa Lomayani ndiye aliyekuwa na viatu. Vilikuwa vyeusi, vya ngozi, namba tisa, jozi pekee ya viatu vya maana mteremko mzima. Kila mwaka vijana wa kipaimara walivivaa kwa zamu. Unaziba mbele kwa maganda ya mahindi, unakwenda madhabahuni, unapiga magoti, mchungaji anakuwekea mikono, unarudi, unakaa, unavua na kuvinyoosha nyuma bila kugeuka, ukisema kwa sauti ya chini, "Anayefuata." Baba yake Lomayani hakumnyima mtu. Sharti lake lilikuwa moja: mwenye viatu awapishe wageni kwanza. Kwa hiyo katika kundi letu la wavulana saba, Lomayani, mtoto wa mwenye viatu, alikuwa wa saba. Mimi, kwa kuwa niliongoza kukariri Katekisimu, nilikuwa wa kwanza, na ndiye niliyekabidhiwa viatu nivipeleke kanisani.

Mama yangu, yeyo, alinifungia kamba za viatu pamoja, akanitundikia shingoni. "Kiatu ni cha mbele ya Mungu," alisema. "Mteremkoni unatembea na ulivyozaliwa navyo."

Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha. Nilipopita kona na yeyo hanioni tena, nilikaa juu ya jiwe nikavaa. Kijana aliyeongoza Katekisimu hawezi kushuka pekupeku kama mchunga mbuzi. Nilipiga hatua kumi na nne za kiungwana. Ya kumi na tano, mguu wa kulia ulitoka wenyewe, mweupe, mkavu, na kiatu kikabaki. Udongo ulitoa sauti kama ng'ombe anayekunywa maji, kisha ukajifunga.

Wenzangu walinikuta nimezama mkono hadi kwapani. Tulichimba wote saba. Tulipochimba kushoto palijaa kulia. Mwinjilisti alifika akashauri tumfunge punda kamba, lakini hatukujua ncha ya pili ya kamba ifungwe wapi. Alipotaja kwamba ibada imebaki saa moja, wavulana wote walimgeukia Lomayani, maana kiatu kilikuwa cha baba yake.

Lomayani alinitazama. "Naftali, wewe si ndiye uliyesoma sana?"

"Ndiyo."

"Basi shika huo mguu wa kushoto usije nao ukaliwa."

Akachota udongo uliomeza kiatu, akakaa, akafinyanga kiatu. Alikitia mishono kwa mwiba. Alikitoboa matundu ya kamba. Hata kisigino alikilaza upande mmoja, kama kilivyolika cha baba yake. Bibi yangu, ambaye sote tulimwita Koko, alikikausha kwenye majivu ya moto, akakipaka masizi na mafuta ya kondoo, na kilipowekwa karibu na mwenzake hamngejua kipi kilitoka kwa ng'ombe na kipi kilitoka mlimani.

Nilikwenda madhabahuni viatu vikilia pa, ko, pa, ko kwenye sakafu ya saruji. Wa pili akaenda pa, ko. Wa tatu pa, ko, tena akichechemea, maana mguu mmoja ulikuwa mzito kama figa. Mchungaji alikuwa mgeni kutoka mjini. Alipomwona wa nne alisimamisha ibada, akawauliza wazazi kwa huruma watoto wa huku wanakunywa maji gani yanayolemaza miguu. Akina mama wakaanza kuuombea mguu wa kulia wa kizazi chetu. Wa tano aliombewa peke yake dakika kumi. Wa sita alipopiga magoti, kiatu kilipasuka vipande vitatu mbele ya madhabahu, na mama mmoja akazimia, kwa sababu alidhani ni mguu.

Alibaki Lomayani. Mchungaji akamwambia aje pekupeku, Mungu hatazami miguu. Lomayani akasimama, akasema, "Baba yangu amewavisha watoto wa watu miaka yote hii. Mimi sitakwenda pekupeku." Akatoka nje. Nilipomfuata alinirushia kiatu cha kushoto kifuani. "Kaa nacho. Siku ukipata mwenzake uniletee. Ndiyo siku nitakayobarikiwa."

Nilidhani ni hasira za siku moja. Ndugu zangu, mtu huyu alikaa miaka zaidi ya thelathini. Aliota mvi akiwa bado anaandikwa kwenye daftari la wanafunzi wa kipaimara. Wenzake wakienda kwenye meza ya Bwana, yeye anabaki benchi la nyuma na watoto wachanga. Kwa kuwa hakuwa na kipaimara, ndoa yake haikufungwa kanisani, na mkewe, Mama Neema, alinipigia simu Uholanzi akilia: "Shemeji, hicho kiatu kinanifanya niitwe mchumba nina wajukuu!" Nilituma viatu vipya, vya gharama. Lomayani alinishukuru sana, akampa mwinjilisti, akasema anasubiri kile.

Cha kushoto sikukiacha. Nilisafiri nacho kwenye ndege. Ofisa wa uwanja wa ndege kule aliuliza mwenzake yuko wapi, nikamwambia yuko chini ya mlima. Nyumbani kwangu kimekaa rafu moja chini ya diploma, na ukweli ni kwamba kuna siku nilikaa kwenye kiti cha mgeni nikashindwa kuangalia juu kwa sababu ya kile kilichokuwa chini.

Mwaka huu kiangazi kimekuwa kirefu na mteremko umepasuka vibaya. Mwezi uliopita Lomayani alinipigia simu. "Kimetoka," alisema. Sikumuuliza nini. Nilimweleza kitaalamu kwamba udongo wa mfinyanzi wa aina ile huvimba na kusinyaa, hujigeuza wenyewe, na vilivyo chini hupanda juu polepole.

"Hayo nilijua nikiwa nachunga ndama," akasema. "Wewe ilikuchukua diploma?"

Kiatu kilikuwa kigumu kama mbao. Alikilainisha kwa mafuta ya kondoo wiki nzima, kisha nikakipeleka kwa fundi viatu wa mjini, Ngarenaro, aliyekigeuzageuza akauliza, "Mzee, hiki kimechimbwa Olduvai?" Akakishona, nami nikampelekea Lomayani pamoja na cha kushoto.

Jumapili ya kipaimara, mvua ya kwanza ikiwa imenyesha usiku kucha, nilipanda na gari langu linalovuta kwa magurudumu yote manne. Lilinasa pale pale, hatua kumi na nne kutoka kwenye jiwe. Lomayani alinipita pekupeku, viatu vyote viwili shingoni, hata hakuangalia nyuma. Nilivua viatu vyangu vya Uholanzi nikamfuata.

Kanisa lilijaa vijana wa siku hizi, raba nyeupe kila mguu, wakipigana picha hata kabla ya wimbo wa kwanza. Mmoja alikuja na bodaboda kutoka nyumba inayoonekana kwenye dirisha la kanisa. Lomayani alivaa. Namba tisa zilimkaa sawasawa, bila maganda ya mahindi. Akaenda mbele, pa, pa, pa, pa, na mimi nilijikuta nasubiri ile ko. Mchungaji akamwekea mikono kwenye mvi. Mama Neema alipiga vigelegele vya bibi harusi.

Alirudi, akakaa, akavua. Kisha, bila kugeuka, akavinyoosha nyuma. "Anayefuata," alisema.

Nyuma yake palikuwa na msichana na wavulana wawili, raba zao zinang'aa. Waliviangalia viatu, wakamwangalia yeye, wakaangaliana. Mikono ya Lomayani ilibaki hewani. Nikainuka pekupeku, udongo mpaka magotini, nikavipokea.